Herufi Isiyotamkwa

Mezani kwa Ugarte, wakili wa viapo,
kitenzi hiki huja kimevaa tai.
Otorgar.
Mkate hautolewi nacho, wala chumvi, wala busu.
Mkate una dar, kitenzi kidogo,
kinachotembea pekupeku hadi mlangoni kwa jirani.
Otorgar hutaka mashahidi wawili na mhuri,
hutaka kiti kisogezwe kabla hakijaketi.
Mamlaka hutolewa nacho, na mkopo, na muhula,
na msamaha, ukitoka juu kwenda chini.
Mahali pengine kutoa ni moyo.
Humu ofisini kutoa ni sahihi.

Mimi mpiga chapa. Mwaka wa sita huu
nakipiga kwa vidole viwili,
na kibonye cha g hunata,
kama kwamba mashine nayo ina jambo la kufikiri.

Shuleni mwalimu Casilda alituambia:
otorgo, natoa, haina matata.
Lakini ikifuata e, g itakwaruza koo,
itakuwa kikohozi.
Basi katikati tunaiweka u:
otorgué, nilitoa.
Hiyo u msiitamke. Ni bawabu,
imesimama tu, ili g ibaki g.
Nikauliza, bawabu huyo hulipwa nini?
Darasa zima likacheka.
Mwalimu akanipa chaki, niandike mara hamsini.

Jumanne, siku ya soko hapa Punata,
akaja Eufrasia Choque, kofia nyeupe,
udongo mbichi kwenye visigino,
na mpwa wake ameshika simu
ambamo Wilfredo, kutoka Buenos Aires, alikuwa akisema,
Mama, we sema ndiyo tu, nina zamu saa nane.

Waraka ulikuwa kurasa tatu.
Mama anamtolea mwana mamlaka
auze shamba la nyuma ya kinu,
mipaka yake, mipichi yake,
pamoja na zamu ya maji.
Wakili akasoma kwa sauti ya kanisani.
Akauliza: ¿Otorga usted?
Mama akatazama dirisha.
Akauliza tena, na safari hii akainua kalamu.
Mama akatazama mikono yake.
Mara ya tatu wakili akatabasamu, akanigeukia mimi:
Quien calla, otorga. Anyamazaye ametoa.
Andika.

Nikaanza. O. T. O. R.
G ikanata.

Na hapo, sijui kwa nini hapo,
nikamwona bawabu wa mwalimu Casilda,
hasemi kitu, kasimama mlangoni,
na bila yeye neno zima lingeharibika kooni.
Nani alisema kimya ni mlango uliofunguliwa?
Huenda ni yule aliyesimama akiuziba.

Nikainuka. Kazi yangu si kuinuka.
Nikamwuliza Mama kwa Kikechua,
lugha ambamo kutoa ni quy,
unalimaliza kabla hujafumba mdomo:
Umeelewa wanachotaka utoe?

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake.
Mahindi nampa, akasema. Mipichi nampa.
Hata paa, akitaka, aje alishushe mwenyewe.
Maji siyapi.
Si kwamba namnyima. Maji si yangu.
Maji ni ya Alhamisi usiku,
baada ya Severo, kabla ya binti yake Severo.
Mimi nayafungulia tu njia na jembe.
Alhamisi naiuzaje?

Simu ikauliza, Mama? Mama, upo?
Mpwa akaizima, au chaji iliisha, sijui.
Wakili akatazama saa, akataka ada ya kurasa tatu.
Nikalipa nusu. Nusu nyingine anaikata kwenye mshahara,
na bado hajamaliza kukata.

Karatasi ile ninayo. Imeishia otorg,
haina a, haina e,
mtu hawezi hata kuitamka.

Jioni nilipofunga dirisha
nilikuta juu ya kizingiti mabunzi mawili ya mahindi,
ya moto bado, yamefungwa kwa maganda yake.
Bila shahidi. Bila mhuri.
Kanipa tu,
akaenda zake.